Gauni Jeusi la Bi Maureen

Nyinyi mnaokuja ukumbini Stratford kila Jumamosi mnanifurahisha na mnanichosha. Mnanifurahisha kwa sababu mnataka kushona. Mnanichosha kwa sababu mnataka kumaliza. Mtu hajatia uzi kwenye sindano, keshauliza gauni litakuwa tayari lini apige picha. Nasema nanyi Kiswahili, mnanijibu Kiingereza, na tunaelewana, hilo halina neno. Lakini yapo mambo ya kazi hii ambayo siwezi kuyasema cherehani zikinguruma na mtu anatafuta pini aliyoikalia mwenyewe. Ndiyo maana nimekaa nikayaandika. Kiswahili kikiwashinda, wazazi wenu watawasomea, nao itawafaa.

Kazi yangu, kwa wasiojua, ilikuwa kushona nguo za watu waliokwisha kufa. Sisemi sanda. Nasema nguo za mtindo wa zamani, hasa za zama za Malkia Viktoria: magauni ya kiuno chembamba na sketi pana, makoti ya wanaume yenye mikia, kofia za kufungwa chini ya kidevu, aproni za watumishi. Chumba chetu cha kushonea kilikuwa juu ya duka la mazulia, upande huu huu wa mashariki ya London, na tulikodisha nguo kwa shule, kwa makanisa, na zaidi kwa majumba ya kale yanayofanya siku za historia. Watu wa nchi hii wanapenda sana kuvaa kama mababu zao, wakatembea bustanini na kula keki. Mimi nilitoka Unguja najua kushona magauni ya Idi na nguo za mabibi harusi. Nilidhani gauni ni gauni.

Aliyenionyesha kuwa sijui kitu ni Bi Maureen. Alikuwa mkuu wa meza ya kukatia, mwanamke mrefu, mwembamba, nywele fupi nyeupe, mzaliwa wa mitaa ile ile. Nasema Bi Maureen hapa kwa adabu yetu. Pale kazini tulikuwa Maureen na Zuwena, na siku akifurahi sana aliniita Zu. Hakuwa mtu wa maneno. Wiki yangu ya kwanza alinipa kushona korseti, ile nguo ya ndani ya kubana kiuno, yenye vijiti vilivyotiwa baina ya vitambaa. Nilishona vizuri, mishono imenyooka, nikampelekea kwa fahari. Hakuitazama. Aliniambia, "Ivae."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Ivae juu ya blauzi yako, kisha nenda ukaninunulie maziwa."

Alinifunga zile kamba mgongoni mpaka nikahisi roho inapanda juu kutafuta nafasi. Nikavaa koti juu yake, nikateremka ngazi. Mpaka nafika kwenye duka la maziwa nilikuwa nimeshajua kila kosa nililofanya. Kijiti kimoja kilinichoma kwapani. Kingine kilikwisha chini mno, kila nikipiga hatua kinanigonga pajani. Na pesa iliponianguka pale dukani sikuweza kuinama kuiokota, akaniokotea Mhindi mwenye duka, akaniuliza kama mgongo unaniuma.

Niliporudi Bi Maureen alikuwa anakunywa chai. "Sasa unajua," alisema. Hilo ndilo lilikuwa somo zima. Tangu siku ile sijampa mtu nguo ambayo mimi mwenyewe sijaivaa, nikakaa nayo, nikapanda nayo ngazi. Kwa hiyo nikiwaambia mvae gauni mlilolishona na mkaoshe nalo vyombo, msinicheke.

Mnanicheka hata hivyo, najua. Basi chekeni na hili. Zile sketi pana za zamani zilisimama juu ya tenga. Sina jina jingine la kuliita, maana ni tenga hasa, kama la kuku, ila limetengenezwa kwa pete za chuma na utepe, na mwanamke anakaa katikati. Kukaa kitini na tenga kuna kanuni: unalinyanyua kidogo nyuma, unakaa ukingoni, unaliachia taratibu. Mwaka mmoja tulikwenda kwenye shule moja Wembley kuwaonyesha watoto mavazi, na mimi ndiye niliyevaa. Mwalimu akaniambia karibu uketi, nikaketi kama ninavyoketi kwangu. Tenga likapanda lote mbele, sketi ikanifunika uso. Sikuona kitu, nilisikia tu darasa zima likipiga kelele kama uwanjani timu imefunga. Bahati mimi Mzanzibari, chini nilikuwa na suruali.

Tena msidhani mavazi yale hayakunihusu kwa kuwa mimi ni mtu wa ushungi. Shingo imefunikwa, mikono mpaka kwenye kiganja, sketi inagusa kiatu, na kofia ile inakaa juu ya mtandio bila taabu. Marehemu mume wangu Seif, aliyekuwa dereva wa basi, aliponiona mara ya kwanza nimevaa hivyo sebuleni kwetu alinizunguka akitazama, akasema, "Ala! Kumbe hawa nao walikuwa na heshima zao. Kimewapata nini?"

Sasa nije kwenye gauni jeusi, maana ndilo mlilouliza juzi mlipoona picha yake kwenye simu yangu, nami nikasema nitawaambia siku nyingine.

Bi Maureen alikuwa na mtoto mmoja tu, Kevin. Nilimwona mara chache akija kumchukua mama yake, kijana mnene wa uso wa kucheka, fundi wa mapaa. Alikufa kwa pikipiki siku ya mvua. Habari tulipewa na mwenye kazi asubuhi, kwa sauti ya chini, kisha akatuomba tusimsumbue Maureen, kila mtu anahitaji nafasi yake. Mazishi yalikuwa mafupi. Tulikaa, wimbo ukapigwa kwenye spika, pazia likafungwa, tukatoka na kundi jingine likawa linasubiri nje. Jumatatu iliyofuata Bi Maureen alikuwa mezani, anakata mikono ya koti. Watu wakasema habari za asubuhi, naye akajibu habari za asubuhi.

Mimi nilichanganyikiwa. Kwetu mtu akifiwa nyumba inajaa. Majamvi yanatandikwa, vyombo vinaazimwa, watu usiowajua wanakupikia na kukulazimisha ule. Jioni ile nilipika pilau, nikalifunga, nikapanda treni mpaka kwake. Alifungua mlango nusu. Alikuwa amevaa vile vile alivyokuwa kazini. Akatazama kile chungu nilichokipakata kama vile nimemletea mtoto wa mtu.

"Usingehangaika, Zuwena," alisema. Akakipokea. Akasema ahsante. Akafunga mlango.

Nilirudi nimeudhika, nasema kweli. Nilimwambia Seif hawa watu hawana moyo. Seif akasema labda hawana mahali pa kuuweka. Sikumwelewa. Chungu kilirudi kazini siku ya pili, kimesuguliwa kuliko kilivyotoka kwangu, na jina la Kevin halikutajwa tena mle chumbani. Miaka ikapita hivyo. Tulishona pamoja, tulicheka pamoja, tulibadilika pamoja. Waliingiza zipu za kufichwa na gundi za kubandika pindo, Bi Maureen akanuna wiki nzima, kisha siku moja nikamkuta anabandika pindo kwa gundi na ameufunga mlango. Tukazoea kompyuta inayochora kipande cha mkono kwa kipimo chochote utakacho. Lakini Kevin, hapana.

Kisha zamu ikafika kwangu. Seif aliugua kifua, akalazwa, hakurudi. Nyumba yetu ya Wembley ikawa kama mlivyoona nyumba za msiba. Wanawake walikuja kutoka Hounslow, kutoka kila upande wa mji huu, viatu vikajaa mpaka kwenye ngazi za jirani. Katikati ya kisomo mlango ukagongwa, akaingia Bi Maureen. Alikuwa ameshika maua, hajui ayaweke wapi. Binamu yangu mmoja akayachukua, akamwonyesha pa kuvulia viatu, akamkalisha kwenye jamvi ukutani. Magoti yake yalikuwa mabovu hata wakati ule. Akakaa. Hakuna aliyemweleza kitu, na hakuuliza. Alipewa kahawa akanywa, akapewa wali akala. Nilidhani atakaa kidogo aondoke. Alikaa mpaka wa mwisho akanyanyuka, na ilibidi wawili wamshike mikono kumsimamisha.

Mlangoni aliniuliza, "Wanakuja kila siku?"

"Siku hizi za mwanzo, ndiyo."

"Na wewe huwaambii waende?"

"Kwa nini niwaambie waende?"

Aliinama kwa shida. Akavaa viatu, akaondoka. Nilikaa eda yangu ndani ya nyumba, na kila baada ya siku chache alinipigia simu kunieleza mambo madogo madogo ya kazini, nani kakata kitambaa kinyume, nani kavunja sindano. Alikuwa hazungumzi kitu hasa. Alikuwa yupo tu kwenye simu.

Niliporudi kazini nilikuta oda mpya. Jumba moja la kale, kusini ya mto, lilitaka kuwaonyesha wageni nyumba ya zama zile ilivyokuwa siku za msiba. Saa zimesimamishwa, vioo vimefunikwa, mapazia yamefungwa. Walitaka gauni moja kamili la mfiwa, la kuvalishwa sanamu kwenye kiti sebuleni.

Hapa nisimame niwafundishe kitu. Nyeusi ndiyo rangi ngumu kuliko zote. Kwanza, nyeusi si moja: kata vipande viwili kutoka majora mawili, uvitie kwenye jua, utaona kimoja kina buluu na kingine kina kahawia. Pili, uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi huuoni, kwa hiyo ushone mchana, karibu na dirisha, na upige bandi, ile mishono mirefu ya muda, kwa uzi mweupe ili ujue ulipopita. Tatu, krepu, kile kitambaa cha msiba, haitakiwi ing'ae. Ina vikunjo vidogo kama ngozi ya kidole kilichokaa kwenye maji, na pasi ya mvuke inaviua mara moja. Maji yakiingia, kitambaa kimekwisha. Wanawake wa zamani waliivaa nguo hiyo na kuiogopa mvua.

Bi Maureen alikata, mimi nikashona. Hakumruhusu mwingine yeyote aguse. Nilipokuwa naunganisha kifua niliona jambo. Sanamu zetu zote zina kiuno cha msichana. Kiuno hiki kilikuwa kikubwa kidogo, na mgongo mrefu. Mikono ilikuwa mirefu pia. Nikaweka utepe wa kupimia juu ya kitambaa, nikahakikisha, nikamtazama Bi Maureen aliyekuwa ameiinamia meza akikata kola. Nilishamshonea makoti, vipimo vyake nilikuwa navyo kichwani. Sikusema. Nikapiga bandi, nikaendelea.

Siku ya kulipeleka lile gauni, alimwambia Oliver, kijana aliyekuwa anasimamia maonyesho pale jumbani, "Sanamu litaonekana sanamu. Nitalivaa mimi, nikae pale kitini."

Oliver alifurahi sana. Alikuwa kijana mwema, anayetembea mbio mbio na simu mkononi. Akamwandalia maneno ya kusema wageni wakiuliza: yeye ni mjane, mumewe alikuwa mfanyabiashara wa chai, amekufa kwa homa. Mimi nilivaa gauni la kijivu la mgeni aliyekuja kutoa pole, kofia juu ya mtandio wangu, nikasimama karibu na mlango kuwaeleza watu habari za mishono. Nilimfunga Bi Maureen vifungo vyote vya mgongoni mwenyewe. Nilipomshusha utaji usoni, mabega yake yalishuka, kama mtu aliyetua mzigo. Nikadhani ni uzito wa krepu.

Wageni wakaanza kupita. Kulikuwa na kamba nyekundu mbele ya sebule, wao upande huu, yeye upande ule, kwenye kiti kando ya dirisha lililofungwa pazia. Wa kwanza walitazama, wakanong'ona, wakapita. Halafu likaja kundi kubwa, familia na watoto, na msichana mmoja mdogo akauliza kwa sauti nzuri kabisa, "Bibi, nani amekufa?"

Bi Maureen aligeuza kichwa kumtazama. Nikadhani amesahau maneno ya chai.

"Mwanangu," alisema. "Anaitwa Kevin."

Baba mmoja akacheka kidogo. Mniwie radhi kwa niaba yake, lakini ni kweli, zama za Viktoria hapakuwa na akina Kevin. Alidhani ni utani.

"Alipatwa na nini?" msichana akauliza.

"Alianguka na pikipiki. Mvua ilikuwa inanyesha, na mimi nilikuwa nimemwambia aje kula."

Sasa wakacheka wengi. Pikipiki! Mtu mmoja nyuma akapiga makofi. Wengine wakatoa simu. Na Bi Maureen akaendelea kusema, nyuma ya ule utaji, kwa sauti ile ile ya kunieleza namna ya kukata mkono wa koti. Alisema mwanawe alipenda viazi viwe vimeungua kidogo. Alisema walimwonyesha mguu wa Kevin tu hospitali, kwa sababu ya soksi, aseme kama ni yake. Kicheko kikapungua. Kikapungua tena. Lakini simu zilibaki juu, na watu hawakujua watazame wapi, na yeye hakuweza kusimama. Nilimwona anatetemeka toka mabegani mpaka magotini, na ile krepu yote ikitetemeka naye.

Nilijua mambo mawili tu ya kufanya. La kwanza, nimtoe pale, nimfiche, apate ile nafasi yake ambayo kila mtu alikuwa amempa miaka yote. La pili nililijua kutoka kwetu. Nikainama chini ya kamba, sketi, kofia na vyote, nikaenda kukaa naye. Hapakuwa na kiti cha pili. Nikakaa sakafuni, nikaushika mkono wake.

Oliver alikuja mbio, akachuchumaa karibu yangu. "Zuwena, hii haikuwemo kwenye mpango," alininong'oneza. "Lakini watu wamevutika, sijui... tumwache?"

"Funga mlango."

"Nje kuna foleni, wamekata tiketi."

"Oliver, huyu mama amefiwa."

Uso wake ukabadilika. "Masikini. Lini?"

Nilifungua mdomo niseme miaka kadhaa. Nikaona nitakuwa nadanganya.

"Leo," nilisema.

Namsifu yule kijana mpaka kesho. Hakuuliza tena. Alisimama, akawaambia wageni kwa upole kwamba chumba kinafungwa, akawatoa wote, akavuta mlango. Akabaki mzee mmoja, aliyekuwa amesimama pembeni muda wote, kofia ameishika kifuani. Oliver alimgusa kiwiko. Yule mzee akamtazama Bi Maureen, akasema, "Wangu alikuwa msichana." Kisha naye akatoka.

Bi Maureen alilia. Kwetu nako tuna tabia ya kumwambia mtu jikaze, nyamaza, mambo ya Mungu. Siku ile sikusema hata moja. Nilimfunua utaji apate pumzi, nikamwachia mkono wangu aufinye anavyotaka. Baadaye alianza kuzungumza. Aliniambia Kevin alikuwa akifika tu anaweka helmeti yake juu ya cherehani ya mama yake, na kila Jumapili wanagombana kwa hilo. Akaniambia kwa nini alirudi kazini Jumatatu ile.

"Nilikaa nyumbani nikangoja," alisema. "Sijui nilikuwa nangoja nani. Simu ililia, nikaikimbilia. Alikuwa mtu anauza madirisha."

Nikamwambia nilidhani hataki watu.

"Ulikuja na chakula," alisema, "na mimi sikujua mtu anafanya nini na mgeni aliyekuja na chakula. Nilikila nimesimama nyuma ya mlango ule ule. Kwa mkono. Nilikusikia unateremka ngazi."

Nje kikundi cha wanamuziki wa maonyesho kilikuwa kinapiga ngoma za kale bustanini, na watoto wanakimbizana. Oliver alituletea chai kwenye vikombe vya maonyesho, vile ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa.

Gauni lile halikukodishwa tena. Machozi yaliiingia krepu kifuani na mikononi, ikalainika na kufifia, na nilishawaambia haitengenezeki. Mwenye kazi alilalamika kidogo, akaacha. Lakini jumba lilipiga simu. Wageni wengi walikuwa wamesema sebule ile ndiyo iliyowagusa kuliko vyote, na wakubwa wa pale walitaka Bi Maureen arudi majira yote ya joto, kila Jumamosi, afanye vile vile. Oliver ndiye aliyeambiwa apige, na nilisikia kwenye sauti yake kuwa ameona haya. Nikampa Bi Maureen simu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie aliyekutuma," alisema, "kwamba lile lilikuwa langu. Sanamu mnalo."

Nakumbuka yote haya na bado najiuliza kama nilifanya sawa kumwachia avae lile gauni siku ile, nami nilikwisha kuona kiuno kile ni cha nani. Labda ningemuuliza mapema tungekaa kwangu, kwenye jamvi, bila macho ya watu. Labda asingejibu. Mshonaji anajua mengi ya mwili wa mtu kabla mwenyewe hajasema: nani amekonda, nani ana mimba, nani bega moja limeshuka tangu mwaka jana. Mtakutana nayo hayo. Hakuna atakayewafundisha wakati wa kusema na wakati wa kuendelea kupiga bandi, na mimi siwezi kujifanya najua.

Kilichofuata ni kwamba Bi Maureen alivaa nyeusi. Si gauni la zamani, nguo zake za kawaida tu, sweta jeusi, sketi nyeusi, kila siku, kazini na sokoni. Wasichana wa pale chumbani walipomuuliza, aliwajibu waziwazi, "Nimefiwa na mwanangu." Kama walijua ni zamani, hawakusema. Mmoja alimletea keki aliyoipika mwenyewe, na Bi Maureen akamkaribisha akae, wakaila pamoja. Jumapili alianza kuja kwangu Wembley. Nilimwekea kiti kidogo kwa ajili ya magoti, akakikataa.

Zama zile za Viktoria mtu hakutoka kwenye nyeusi akaingia kwenye nyekundu. Alipitia kijivu kwanza, kisha zambarau hafifu, taratibu, kama anayejaribu maji kwa kidole cha mguu. Asubuhi moja ya majira ya kuchipua, mwaka na ushee ukiwa umepita, Bi Maureen aliingia kazini akavua koti, na ndani alikuwa amevaa blauzi mpya ya zambarau hafifu. Aliishona mwenyewe nyumbani. Akasimama katikati ya chumba, mikono ameinyoosha pembeni, kama wanavyosimama watu tunaowapima.

"Haya," alisema. "Waonaje?"

Wasichana wote wakasema imempendeza. Mimi nilimzunguka polepole.

"Mkono wa kushoto umevuta," nikasema.

Akageuza kichwa kutazama bega lake. Akacheka, kicheko cha sauti ambacho sikuwahi kukisikia kwake, akaivua blauzi pale pale akabaki na fulana. Tukaiweka mezani, tukakaa, mimi upande huu na yeye upande ule, tukaanza kuufumua ule mkono.